Mng'ao unalipwa, unene unaliwa

Rangi yote ya gari lililotoka kiwandani, kuanzia tabaka la kuzuia kutu lililolala juu ya bati hadi uso wa juu kabisa, kwa kawaida ina unene wa mikromita 100 hadi 150. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu hukaribia mikromita 70. Ndani ya unene huo mdogo, klia, yaani tabaka lisilo na rangi linalolipa gari mng'ao na kuikinga rangi ya chini yake, huchukua mikromita 35 hadi 50 tu. Biashara nzima ya kupiga polishi inafanyikia humo. Mashine inapozunguka juu ya boneti haiongezi chochote. Inasaga uso wa klia mpaka ifike chini ya mkwaruzo, na kilichosagwa hufutwa na kitambaa kikaenda na maji.

Nimeifuatilia kazi hii kwa sababu naamini bei yake imewekwa mahali pasipo pake. Wilayani Rubavu, Rwanda, kama Gatsata kule Kigali, Barabara ya Kirinyaga Nairobi au Gerezani Dar es Salaam, mteja hulipia anachokiona. Bei hutajwa kwa ukubwa wa gari: dogo bei yake, jipu bei yake, basi dogo bei yake. Klia iliyobaki baada ya kazi haina bei, wala haimo kwenye risiti. Mwenye gari haioni, fundi haipimi, na anayekuja kulinunua gari hilo baada ya miaka miwili hajui hata kama ni jambo la kuulizia.

Nyamyumba ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili, ingawa si sifa ya gereji iliyoipa jina. Sekta hii ya Rubavu iko ukingoni mwa Ziwa Kivu, kilomita chache kusini mwa mji wa Gisenyi, na wengi wanaijua kwa chemchemi za maji moto na kwa bia. Kampuni ya Bralirwa ilianzisha kiwanda chake hapa mwaka 1957, na kuanzia 1963 gesi ya methani iliyovutwa kutoka vilindini karibu na Rasi ya Rubona ikawa inachemsha mitambo yake, zaidi ya nusu karne kabla ya mtambo wa Karongi kuanza kuzalisha umeme kwa gesi hiyohiyo. Mwaka 2024 bandari ya Rubavu ilifunguliwa hapahapa Nyamyumba. Barabara ya lami ya kwenda Rutsiro na Karongi inapita eneo hili. Malori ya kreti za bia, magari ya wageni wa hoteli za ufukweni, pikapu za wafanyabiashara wa mpakani, magari ya mashirika yanayovuka kwenda Goma, Kongo, na kurudi: mkusanyiko wa rangi za kila aina unapita katika barabara moja.

Na mazingira ya hapa hayana huruma na rangi. Uso wa ziwa uko mita 1,463 juu ya usawa wa bahari, chini ya digrii 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupiga karibu wima na hewa ya kuichuja miale yake ya urujuanimno ni pungufu kuliko pwani. Klia hutengenezwa ikiwa na kemikali za kunyonya miale hiyo. Kila unaposaga klia unapunguza na kinga hiyo. Gari lililosagwa sana Mombasa litachakaa. Likiletwa Gisenyi litachakaa upesi zaidi.

Kisha kuna mlima. Nyiragongo, volkano iliyo jirani na Goma, ulilipuka tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, na katika miaka iliyo kati ya milipuko hiyo ziwa la lava lililokuwa likichemka kileleni lilikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya gesi ya salfa duniani. Gesi hiyo ikikutana na mvua hushuka ikiwa na tindikali. Mitaa mingi ya Goma imekaa juu ya mawe ya lava, na vumbi lake jeusi ni chembe za mwamba zenye ncha. Gari likirudi kutoka ng'ambo asubuhi limefunikwa vumbi hilo, halafu dereva akalipangusa kwa kitambaa kikavu ili lipendeze mbele ya bosi, amelipiga msasa. Mikwaruzo ya duara tunayoiona kwenye magari meusi jua linapozama mingi haikuletwa na barabara. Imeletwa na mkono wa mtu aliyetaka gari liwe safi.

Maji nayo yana lake. Maji ya Kivu yana chumvichumvi nyingi na ualkali unaokaribia pH 9. Ukiliosha gari kwa maji ya ziwa na kuliacha likauke juani, kila tone huacha duara jeupe, na duara likikaa wiki kadhaa hula klia na kuacha kishimo ambacho sabuni haiwezi kukitoa. Sheria ya Rwanda inalinda ukanda wa mita 50 kutoka ukingo wa ziwa, na ipo kwa ajili ya samaki na maji ya kunywa, lakini fundi rangi naye angefaidika kama kila kinamba cha kuoshea magari kingetumia maji ya bomba na kukausha kwa taulo laini. Nusu ya kazi ya polishi inazaliwa kwenye kuosha.

Linalofuata linaitofautisha Rwanda na majirani zake wa mashariki. Hapa tunaendesha upande wa kulia, usukani uko kushoto. Magari ya mnada wa Japani yanayojaza barabara za Kenya, Uganda na Tanzania yana usukani kulia, kwa hiyo Rwanda huagiza zaidi kutoka Ulaya, nchi za Ghuba, Korea Kusini na Marekani. Tangu Juni 2018 Volkswagen nayo inaunganisha magari Kigali. Tangu 2021 magari ya umeme yamepewa misamaha ya kodi, na yanaleta rangi ambazo mafundi wengi bado wanazizoea. Kwa fundi wa polishi maana yake ni kwamba siku moja anaweza kushika Golf kutoka Ujerumani, RAV4 iliyouzwa kwanza Marekani na Santa Fe ya Korea, na klia za magari hayo hazifanani kabisa, ingawa kwa macho zote zinang'aa sawa.

Mfumo wa rangi ya chini na klia juu ulienea viwandani miaka ya 1970 na 1980. Kabla yake gari lilipakwa rangi moja nzito, na ukilipiga polishi sponji ilitoka na rangi ya gari. Toyota iliendelea kwa miaka mingi kuipaka nyeusi yake yenye namba 202 bila klia, na mafundi wa dunia nzima wanaiogopa kwa ulaini wake: taulo safi tu, ukiisukuma kwa nguvu, inaiachia alama. Upande wa pili wako Wajerumani. Mwishoni mwa 2003 Mercedes-Benz ilianza kutumia klia iliyochanganywa na chembe ndogo mno za seramiki ili isikwaruzike upesi. Miaka 2 baadaye Nissan ikaja na wazo tofauti: klia inayonyumbuka, ambayo mkwaruzo mdogo hujifunga wenyewe ikipata joto na muda. Klia ya namna hiyo haikatiki vizuri. Dawa ya polishi ikipita inabonyea, ikishapita inarudi.

Klia ngumu humchosha fundi, lakini inamwambia ukweli. Anajua anahitaji dawa kali zaidi, sponji ngumu zaidi, muda zaidi, na kazi inakwenda. Inayotia hasara ni klia inayonata.

Dalili zake ni hizi. Fundi anaweka matone machache ya dawa, anawasha mashine, na sponji badala ya kuteleza inaishika bodi. Dawa inakauka kabla ya wakati na kujikunja kuwa vipele. Sponji inalia. Mashine ya mizunguko miwili inaacha kuzunguka na kubaki ikitetemeka mahali pamoja. Akifuta anakuta ukungu ambao haukuwapo mwanzo, na ndani ya ukungu huo mikwaruzo mipya, mingine mirefu kuliko ile aliyokuja kuitoa. Kinachotokea ni kwamba msuguano umeipasha joto klia, ikalainika, vumbi lake likachanganyika na mafuta ya dawa na chembe za kusagia, na uji huo ukaganda kwenye uso wa sponji. Kila kipele sasa ni jiwe.

Fundi mwenye haraka hujibu kwa kuongeza: nguvu zaidi ya mkono, kasi zaidi ya mashine, dawa kali zaidi. Kila moja ya hizo huongeza joto, na joto ndilo lililoanzisha tatizo. Njia iliyo sahihi inakwenda kinyume. Anza na dawa laini kabisa uliyo nayo na sponji laini, ujaribu kwenye mraba mmoja usiozidi sentimita 40 kwa 40. Punguza kasi, uachie uzito wa mashine ufanye kazi, upite mara chache halafu uache. Safisha sponji kwa brashi au kwa upepo wa kompresa kila unapomaliza mraba, si kila unapomaliza mlango. Uwe na sponji nyingi na uzibadilishe kabla hazijalowa na kupata joto. Bodi iwe ya baridi: gari jeusi lililosimama juani saa sita mchana uso wake huunguza kiganja, na hapo hakuna dawa itakayoteleza. Ukifuta, futa kwa taulo nene na safi bila kukandamiza, kwa sababu klia laini iliyotoka tu kusagwa hukwaruzwa na taulo yenyewe. Kisha pitisha alkoholi iliyochanganywa na maji kuondoa mafuta, ndipo uangalie kwa taa kali. Mafuta ya dawa hujaza mikwaruzo na kuificha. Fundi asiyeyafuta anajidanganya kabla hajamdanganya mteja.

Mashine ina sehemu yake. Ile ya zamani, ya mzunguko mmoja, hukata haraka na hupasha joto haraka, na mikononi mwa asiyeizoea huacha mawimbi yanayoonekana gari likisimama juani. Mashine za mizunguko miwili zilikuwa dhaifu hadi kampuni ya Rupes ya Italia ilipotoa mwaka 2011 mashine yenye mtikisiko wa milimita 21, na tangu hapo wengi wameiga. Ni salama zaidi kwa klia, lakini kwenye klia inayonata ndizo zinazokwama. Fundi mzuri ana zote mbili na anajua lini aweke moja chini. Sufi ya kondoo kwenye mashine ya mzunguko mmoja, ikiendeshwa polepole, wakati mwingine hupita mahali ambapo sponji imeshindwa, kwa sababu nyuzi zake hupitisha hewa na hazishiki uso wote kwa pamoja. Baada ya hapo kazi ya kuondoa alama za sufi inaanza upya kwa sponji laini. Ni kazi mara mbili kwa bei moja.

Kuna klia inayonata kwa asili yake ya kiwandani. Katika mji kama wetu, hata hivyo, nyingi inanata kwa sababu gari lilishapakwa rangi upya. Hapa ndipo gereji na wapiga polishi wanapokutana bila kujuana. Kiwandani klia huokwa kwenye joto la takriban digrii 140. Gereji haiwezi kufanya hivyo, kwani plastiki na nyaya za gari zingeyeyuka, hivyo hutumia klia ya aina nyingine, ya kuchanganywa na hadina, yaani kigumishi, inayokomaa kwa digrii 60 hivi katika muda wa nusu saa ndani ya chumba cha kuokea. Bila chumba, klia hukomaa kwa hewa. Na hewa ya Gisenyi ni ya wastani wa digrii 20, usiku wake ni baridi, na msimu wa masika ni unyevu mtupu. Bodi inaweza kuonekana kavu kwa kidole siku ya pili huku chini yake kukiwa na tina, yaani kiyeyushi, inayotafuta pa kutokea kwa wiki kadhaa. Ukiipiga polishi wakati huo inanata, na hata ukiifanikisha, tina ikishatoka klia hunywea na mng'ao kuzama. Mteja anarudi na kusema polishi ilikuwa mbovu.

Mbaya zaidi ni pale aliyepaka alipotaka kubana matumizi. Ameongeza tina ili lita moja ifike mbali, au amepunguza hadina kwa sababu ndiyo ghali, au ametumia klia ya kopo isiyohitaji hadina kabisa. Klia ya namna hiyo haikomai kamwe kama inavyotakiwa. Njia ya kuitambua ni rahisi: chovya pamba kwenye tina, uisugue mahali pa kufichika, chini ya ukingo wa mlango. Klia iliyokomaa haitikisiki. Isiyokomaa inalainika na kunata kidoleni. Jaribio hilo la dakika moja linapaswa kutangulia makubaliano yoyote ya bei, na fundi anayelifanya mbele ya mteja amejikinga na ugomvi wa baadaye.

Ipo pia klia iliyokwisha kufa: imefanya ukungu mweupe, imepasuka kama ngozi kavu, au inabanduka vipande. Hiyo haipigwi polishi. Mwaka 2019 Toyota ilianza kugharimia huko Marekani upakaji upya wa baadhi ya magari yake yenye rangi nyeupe za namba 040 na 070, kwa sababu rangi yenyewe ilikuwa inaachia bati. Kama kiwanda kikubwa kiasi hicho kilikubali kwamba dawa yake ni kupaka upya, kijana mwenye chupa mbili za dawa asiahidi miujiza.

Sasa turudi kwenye fedha, maana ndipo kosa linapotengenezwa. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Fundi amekubali kazi kwa bei ya saa 6, kwa kuwa jipu zote hufanywa kwa bei hiyo. Akianza anakuta klia inanata, na kuifanya vizuri kutachukua saa 14. Ana njia tatu: afanye saa 14 na ale hasara, arudi kwa mteja kudai nyongeza na aonekane mwizi, au amalize kwa saa 6 kwa dawa kali na sufi, kisha afunike alama kwa mafuta yenye silikoni. Njia ya tatu ndiyo pekee inayomwachia kitu mfukoni jioni hiyo. Gari linatoka likimeta. Likioshwa mara chache mafuta yanatoka, mikwaruzo inarudi, na klia imepungua kwa mikromita kadhaa ambazo kazi ya uangalifu isingezigusa. Polishi ya mwisho laini huondoa chini ya mikromita moja; kusaga kwa nguvu huondoa kadhaa kwa mara moja, na msasa wa maji zaidi ya hapo. Gari lenye klia ya mikromita 40 haliwezi kuvumilia mchezo huo mara nyingi, hasa kwenye kona na kingo ambako klia ni nyembamba na joto hupanda upesi.

Simlaumu kijana huyo. Anafanya kile ambacho bei inamwagiza afanye. Anayepanga bei kwa ukubwa wa gari amemwadhibu fundi mwangalifu na kumzawadia mwenye pupa.

Mwanauchumi wa Marekani George Akerlof aliandika mwaka 1970 makala iliyotumia soko la magari yaliyotumika kueleza jinsi biashara inavyoharibika pale muuzaji anapojua kitu ambacho mnunuzi hakijui. Bei hushuka hadi ya gari baya, na wenye magari mazuri wakaondoka sokoni. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Unene wa klia ni mfano wake uliokamilika. Mfanyabiashara anayelitayarisha gari kwa ajili ya kuuza anahitaji ling'ae kwa siku chache tu, mpaka mnunuzi alipe. Magari mengi hufika Afrika Mashariki yakiwa yameshapigwa polishi huko yalikotoka kwa sababu hiyohiyo. Mnunuzi wa Rubavu au Goma anapolipia gari linalometa, huenda analipia klia ambayo nusu yake ilibaki kwenye sponji ya yadi ya mbali.

Katikati ya upofu huo imeingia bidhaa mpya yenye faida nono: koti la seramiki. Linauzwa kwa maneno makubwa, na namba inayotajwa zaidi ni 9H. Mteja husikia ugumu wa jiwe. Kwa kweli 9H ni daraja la juu katika kipimo cha penseli, kipimo halali cha maabara za rangi, lakini hakihusiani na ugumu wa madini. Koti hilo kwa kawaida huwa na unene wa mikromita chache tu. Linasaidia maji kuteleza, uchafu usigande na tindikali isifike upesi, na chini ya Nyiragongo hilo si jambo dogo. Halirudishi klia iliyoliwa. Tena huhitaji gari lipigwe polishi kwanza, kwa hiyo anayelinunua kila mwaka anasaga kila mwaka. Plastiki angavu ya kubandika, yenye unene wa mikromita 150 hadi 200, ndiyo kinga ya kweli dhidi ya mawe na vumbi, nayo kwa bei yake itabaki kwenye magari machache ya kifahari kwa muda mrefu.

Soko la vifaa linategemea uagizaji kwa kila kitu. Majina yanayotambulika ni yaleyale ya dunia nzima: 3M, Farécla ya Uingereza, Meguiar's iliyoanza Indiana mwaka 1901 na kununuliwa na 3M mwaka 2008, Menzerna ya Ujerumani, na sasa bidhaa nyingi za China. Tatizo la fundi mdogo ni kwamba ananunua kidogokidogo. Dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa haimwambii ukali wake, haimwambii kama ina silikoni, na silikoni ikiruka kwenye gereji inayopaka rangi itatoboa vishimo kwenye kila bodi itakayopakwa wiki hiyo. Akibahatisha kwenye klia ngumu atapoteza muda. Kwenye klia laini atapoteza gari la mtu.

Afya yao haizungumzwi kabisa, na inaniuma. Hadina ya klia ina kemikali za aisosaneti, zinazojulikana kwa kuleta pumu ya kazini. Mtu akishaathirika, hata harufu ndogo tu inaweza kumbana kifua. Barakoa ya kitambaa haizizuii. Anayepiga klia bila chumba na bila kifaa cha hewa safi anamuuzia mteja pafu lake, na bei hiyo pia haimo kwenye risiti.

Mahitaji yenyewe yameyumba. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitwaliwa na waasi wa M23, makombora yakaangukia Rubavu na kuua watu, benki za upande wa pili zikafungwa. Uchumi wa mji unaoishi kwa kuvuka mpaka huonekana kwenye vitu visivyo vya lazima kabla ya vyote, na polishi si ya lazima. Mtu anayetafuta fedha za mafuta hatalipia mng'ao. Lakini wakati kama huu, ambapo watu wanakaa na gari walilo nalo badala ya kununua jingine, ndio ambapo kutunza klia iliyopo kuna maana zaidi ya kuiongezea mwanga wa siku tatu.

Kipimo cha unene wa rangi ni kifaa cha kushika mkononi. Hutumia sumaku na mkondo wa umeme, hufanya kazi juu ya chuma na alumini, na hutoa jibu kwa sekunde moja. Kina mipaka: husoma jumla ya tabaka zote, si klia peke yake, na bampa ya plastiki hakiisomi. Hata hivyo kinatosha kwa mambo mawili. Kinaonyesha bodi iliyopakwa upya, kwa kuwa mikromita 110 kwenye paa na 320 kwenye mlango haiwezi kuwa rangi ya kiwandani, na ikivuka 1,000 kuna pati chini. Kinaonyesha pia tofauti kati ya kabla na baada ya kazi, ambayo ndiyo klia iliyoliwa.

Kila wilaya ya Rwanda imekuwa ikijengewa agakiriro, uwanja wa pamoja wa mafundi. Chumba kimoja cha kuokea rangi na vipimo viwili vya kukodishana vingebadilisha ubora wa kazi ya Rubavu kuliko semina yoyote, maana klia iliyookwa vizuri leo haitanata mwakani. Risiti za mashine za kodi za EBM zipo tangu 2013 na zina nafasi ya maelezo ya huduma. Kinachokosekana ni mteja mwenye nguvu ya kudai. Mwenye gari mmojammoja hawezi. Akidai atapelekwa kwa jirani asiyepima. Kampuni za bima zinaweza, kwa sababu ndizo zinazolipia sehemu kubwa ya kazi za bodi na rangi baada ya ajali, na ndizo zinazolipa tena bodi hiyohiyo ikibanduka. Zikiandika kwenye masharti yao kwamba hakuna ankara ya rangi au polishi itakayolipwa bila namba mbili kwa kila bodi, ya kabla na ya baada, na kwamba saa ya jaribio la awali inalipwa peke yake, gereji za Gisenyi hadi Nyamyumba zitakuwa na kipimo ndani ya mwezi huohuo.